MOTOKAA YA SPOTI NA CHAMA CHA WENYE MAGARI: HAKI ZA MNUNUZI NA WAJIBU WAKE

Barabara itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92. Kwa miaka mingi ilikuwa ni barabara ya udongo mwekundu: vumbi wakati wa kiangazi, utelezi wakati wa mvua. Aliyetaka kusafiri alipanda lori au Land Rover, na hakuna mwenye akili timamu aliyethubutu kuipitisha humo motokaa ambayo tumbo lake liko pungufu ya shubiri moja kutoka ardhini. Siku hizi barabara hiyo ina lami, na lami imeleta hamu mpya. Kijana aliyeajiriwa jeshini au polisi, akiisha kupata mshahara wake wa miezi michache, hutazama gari fupi lenye milango miwili na bomba la moshi linalonguruma, akajiambia kwamba naye siku moja atalimiliki.

Hamu hiyo si dhambi. Mtu afanyaye kazi kwa uaminifu ana haki ya kujipatia kitu cha kumfurahisha. Ila yafaa ifahamike mapema kwamba motokaa ya spoti si kama redio au saa ya mkononi, ambayo mtu akisha kuilipia amemaliza. Ina haki zinazoambatana nayo, ina madai yake ya kila mwezi, na ina namna ya kuitunza ambayo mtu peke yake huipata kwa shida. Ndiyo maana katika nchi nyingi wenye magari ya aina moja wameunda vyama. Makala haya yanaeleza mnunuzi hupata nini, chama humsaidia kwa lipi, na jamaa ya askari aishiye Arua au Koboko ifanye hesabu gani kabla ya fedha kutoka mfukoni.

ZAWADI YA KWANZA NI MAFUNZO

Anayenunua gari jipya kutoka kwa mwakilishi wa kiwanda hapewi chuma na matairi tu. Hupewa dhamana, yaani ahadi ya maandishi kwamba kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda kitatengenezwa bila malipo. Dhamana hiyo huhesabiwa kwa miaka au kwa kilomita, lolote litakalotangulia. Hupewa pia funguo mbili, vyombo vya kubadilishia gurudumu, na kitabu cha matengenezo ambacho ndani yake kila huduma hupigwa mhuri. Wanunuzi wengi hukitupa kitabu hicho ndani ya sanduku la gari wasikifungue tena. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu mwenye kushindwa kuonyesha kwamba oili ilibadilishwa kwa wakati wake huweza kunyimwa dhamana siku anapoihitaji.

Viwanda vya magari ya spoti huongeza mambo mengine. Mnunuzi wa Porsche aweza, akitaka, kwenda kulichukua gari lake kiwandani kwenyewe, Stuttgart au Leipzig huko Ujerumani, akatembezwa kuona jinsi magari yanavyoundwa. Na huko Leipzig hupata nafasi ya kuendesha katika uwanja maalumu akiwa na mwalimu. Huko Marekani mnunuzi wa Corvette aweza kukabidhiwa gari lake katika jumba la makumbusho la magari hayo lililoko mji wa Bowling Green, jimbo la Kentucky. Kampuni ya Dodge, kwa wanunuzi wa magari yake yenye nguvu nyingi ya aina ya SRT, ilikuwa ikiwapa siku moja ya mafunzo ya udereva katika shule ya mashindano ya magari jimboni Arizona bila kuwatoza ada.

Jambo hili la mwisho linastahili kutafakariwa na kila askari. Kuruta hapewi bunduki siku ya kwanza akaambiwa aende zake. Hufundishwa kwanza kuibeba, kuifungua, kuisafisha na kuihifadhi, na baadaye ndipo hupelekwa uwanja wa shabaha chini ya macho ya mkufunzi. Viwanda vimetambua kwamba gari lenye nguvu za farasi 300 au 400 ni silaha ya namna yake, na mtu aliyezoea gari dogo la kawaida hajui litakavyomtendea akikanyaga mafuta ghafla penye kona yenye maji. Kwa hiyo zawadi bora kuliko zote apewazo mnunuzi ni mafunzo. Kofia yenye nembo na mkoba wa ngozi wa kutilia funguo ni mapambo tu.

CITROËN YA RAIS

Watu wa Koboko wanayo kumbukumbu yao katika historia ya magari ya spoti. Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Wakakwa wa Koboko, na aliyeitawala Uganda kutoka tarehe 25 Januari 1971 hadi tarehe 11 Aprili 1979, alipenda mno magari ya kasi. Lililojulikana zaidi kati ya magari yake ni Citroën SM, ambalo wengi walilitaja kwa jina la Citroën-Maserati. Mwaka 1975, wakati wa mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Kampala, aliliendesha gari la namna hiyo katika mashindano ya magari, na mkewe Sarah ameketi kando yake.

Gari lenyewe lilikuwa la ajabu kwa wakati wake. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva mwezi Machi mwaka 1970. Mwili ulibuniwa na Citroën ya Ufaransa, na injini ya silinda sita ikatoka kwa Maserati ya Italia, ambayo Citroën ilikuwa imeitwaa mwaka 1968. Liliweza kukimbia yapata kilomita 220 kwa saa. Badala ya springi za chuma lilikaa juu ya matufe yenye gesi na mafuta, hata dereva aliweza kuliinua au kulishusha kwa kuvuta mkono mmoja tu. Usukani wake ulijirudisha katikati wenyewe mara dereva alipouachia, na baadhi ya taa za mbele ziligeuka kufuata kona. Mwaka 1971 gari hili lilishinda mashindano ya Morocco, katika njia za mawe na vumbi.

Hata hivyo maisha yake kiwandani yalikuwa mafupi. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na wanunuzi wa magari yenye kunywa petroli nyingi wakapungua. Citroën yenyewe iliingia mikononi mwa Peugeot, Maserati ikauzwa, na mwaka 1975 uundaji wa SM ukakoma baada ya magari 12,920 tu. Tangu hapo aliyekuwa nalo alibaki na chombo ambacho mwenye kukiunda hakitaki tena. Mafundi wa kawaida waliyaogopa mabomba yake ya mafuta ya shinikizo. Minyororo ya ndani ya injini ilihitaji kukazwa kwa ustadi maalumu. Ilipolegea na kukatika, injini nzima iliharibika.

Ni kitu gani basi kilichoyaokoa magari hayo, hata mengine yakawa yanatembea hadi leo? Ni vyama vya wenyewe. Wenye SM wa Ufaransa, Uholanzi, Uingereza na Marekani waliungana, wakaandika jinsi ya kurekebisha ile minyororo, wakatafuta viwanda vidogo vya kuwatengenezea vipuri vilivyokwisha, na kila mmoja akamfahamisha mwenzake fundi aliye hodari yuko wapi. Kiwanda kilipoacha kazi, chama kiliipokea.

Hali ya Uganda ilikuwa kinyume cha hiyo. Tarehe 4 Agosti 1972 ilitolewa amri ya kuwafukuza Waasia, ambao wengi wao ndio waliokuwa wakimiliki maduka ya magari, gereji na biashara ya vipuri. Katika miaka iliyofuata vipuri viliadimika, na magari mengi yaliwekwa juu ya mawe nyuma ya nyumba, yakawa makazi ya kuku. Rais aliweza kuagiza apendavyo kutoka Ulaya. Mwananchi wa Arua alitafuta plagi moja bila kuipata. Gari bila fundi, bila vipuri na bila wenzake wa kushauriana nao ni bati lililopakwa rangi nzuri.

MSHINDI ALIYEZALIWA UGANDA

Miongoni mwa walioihama Uganda mwaka 1972 alikuwamo Shekhar Mehta, aliyezaliwa nchini humo mwaka 1945, akahamia Kenya. Pasaka ya mwaka uliofuata, yaani 1973, alishinda mashindano ya Safari akiendesha Datsun 240Z, motokaa ya spoti ya Japani yenye milango miwili na injini ya silinda sita. Ushindani ulikuwa mkali hata akalingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, na ushindi ukaamuliwa kwa kanuni ya nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Mehta alishinda tena mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, jumla mara tano.

Mashindano hayo yenyewe yalianza mwaka 1953, na njia yake ya awali ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yalikuwa kazi ya vyama na watu wa kujitolea: wapima saa, walinzi wa vivuko, waandikaji wa vituo, watoa huduma ya kwanza. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973 kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na mafundi waliojua kila msumari wake, pamoja na madereva waliozipita njia hizo mara nyingi kabla ya siku ya mashindano. Anayelitazama gari likipita kwa kishindo huona mtu mmoja nyuma ya usukani. Watu waliomwezesha kufika hapo hawaonekani.

Nchini Uganda leo mchezo huu unasimamiwa na shirikisho la vyama vya michezo ya magari, na mashindano ya Pearl of Africa yamo katika ratiba ya ubingwa wa Afrika. Mwenye hamu ya kasi anayo mahali halali pa kuitimiza: barabara iliyofungwa, kofia ya chuma, mkanda wa kifuani, gari la wagonjwa likingoja kando. Barabara ya Arua hadi Koboko, yenye watoto wa shule, mbuzi, baiskeli na akina mama wenye mizigo kichwani, si mahali hapo.

MFANO WA NAIROBI

Ukitafutwa mfano wa karibu wa chama cha wenye magari, uko Nairobi. Wenye magari ya Alfa Romeo nchini Kenya wana chama chao, nacho ndicho kiandaacho maonyesho ya magari na pikipiki yaitwayo Concours d'Elegance, ambayo yalianza mwaka 1970 na hufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Magari ya aina zote hukubaliwa, si Alfa Romeo pekee, na washiriki kutoka Uganda wamewahi kuvuka mpaka kwenda kushindana.

Waamuzi katika maonyesho hayo hawatafuti gari la bei kubwa kuliko yote. Hutazama usafi wa mwili na rangi, injini, sehemu ya ndani, sanduku la mizigo na hata uvungu wa gari, kisha gari huendeshwa ili ionekane kama linatembea sawasawa. Gari kuukuu lililotunzwa na mwenyewe laweza kulipita jipya la tajiri ambaye hajawahi kulifunua boneti. Askari aliyewahi kukaguliwa kambini, kitanda kimetandikwa na buti zimeng'aa, ataelewa mara moja maana ya ukaguzi wa namna hiyo.

Mila hii ni ya zamani huko ng'ambo pia. Wenye magari ya Bugatti nchini Uingereza waliunda chama chao mwaka 1929. Wenye Porsche huko Marekani waliunda chao mwaka 1955. Vyote viwili vingaliko, na shughuli zao zimebaki zile zile: kupeana maarifa, kupeana vipuri, kufundishana udereva, na kukusanyika na jamaa zao siku za mapumziko.

GARI LA JAPANI LIKIFIKA ARUA

Ukweli lazima usemwe: magari mengi yanayonunuliwa Nile Magharibi si mapya. Ni magari yaliyotumika Japani, yakaletwa kwa meli hadi bandari ya Mombasa, yakapita Malaba au Busia. Anayetaka motokaa ya spoti kwa kawaida hununua Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer au Toyota yenye milango miwili. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingizwa nchini kwa gari lililotimiza miaka 15 tangu kuundwa, na lenye miaka tisa au zaidi hutozwa kodi ya mazingira.

Mnunuzi wa gari kama hilo asitazamie zile zawadi za kiwanda. Dhamana ya Japani haimfuati mtu hadi Koboko. Kitabu kimeandikwa Kijapani. Redio yake hunasa mawimbi ya huko tu, ambayo huanzia 76, kwa hiyo stesheni nyingi za Uganda haizipati mpaka iwekewe kifaa au ibadilishwe. Basi zawadi hizo imempasa ajipatie mwenyewe kwa kufanya mambo yafuatayo.

Kwanza, alinganishe namba ya chesisi na ile iliyoandikwa kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kulipa hata shilingi moja. Pili, atazame tarehe ya matairi. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lililoandikwa 2319 liliundwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye meno mazima lakini lililozeeka ni hatari kubwa katika mwendo wa kasi, kwani mpira hukauka na kupasuka kwa ndani. Tatu, aulize kama mkanda wa taimingi umekwisha kubadilishwa. Katika injini nyingi za Subaru za miaka iliyopita mkanda huo hubadilishwa yapata kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali hugongana na pistoni, na gharama yake ni injini nyingine. Nne, achunguze oili, maji ya rejeta, pedi na mabomba ya breki mbele ya fundi anayemwamini, wala si fundi aliyeletwa na muuzaji.

Gari lenye turbo lina adabu yake. Kifaa hicho huzunguka kwa kasi kubwa sana na hupozwa kwa oili. Baada ya safari ya mwendo mkali, injini iachwe izunguke taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa, na oili ibadilishwe mapema kuliko katika gari la kawaida, kwa mfano kila kilomita 5,000. Tena magari mengi ya spoti ya Japani yaliundwa yatumie petroli ya okteni ya juu. Yakinyweshwa petroli hafifu, injini hugongagonga kama kopo lenye kokoto, nayo ile sauti ni onyo la kutobolewa kwa pistoni.

HESABU YA NYUMBANI

Katika nyumba ya askari mshahara ni mmoja na matumizi ni mengi. Haifai baba wa nyumba arudi jioni na gari ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. Mama akiuliza, "Baba Amina, karo ya muhula ujao tumeiweka wapi?" asionekane kwamba anapinga maendeleo. Anafanya kazi ya mhasibu, na swali lake lijibiwe kwa tarakimu.

Uchukuliwe mfano wa gari la turbo linalotumia lita 12 za petroli kwa kila kilomita 100. Kutoka Arua hadi Koboko ni karibu kilomita 55. Kwenda na kurudi ni 110, yaani lita 13 na ushei. Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500. Kwenda na kurudi ni kilomita 1,000, yaani lita 120. Pikipiki ndogo huifanya ile safari ya Koboko kwa lita zisizozidi tatu au nne. Mume na mke waandike bei ya petroli ya siku hiyo, wazidishe, kisha waongeze bima, oili, matairi manne na akiba ya matengenezo. Jumla ikiizidi sehemu ya mshahara inayobaki baada ya chakula, karo na matibabu, gari hilo halijawadia wakati wake.

Wanajeshi wa UPDF wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo SACCO, na polisi wana Exodus SACCO. Vyama hivyo vimewawezesha wengi kujenga nyumba na kuanzisha miradi. Mkopo wa kununua gari la kuleta kipato ni jambo moja. Mkopo wa kununua fahari ni jambo jingine. Askari aliyehamishwa ghafla kwenda kazi ya mbali humwachia mkewe makato ya mshahara pamoja na gari lisilotumika uani. Mwenye hekima huweka akiba kwanza, hununua bila deni au kwa deni dogo, na huacha fedha za dharura ambazo hazitaguswa.

Jambo jingine la nyumbani ni viti. Motokaa ya milango miwili ina viti viwili vya haki, na viti vya nyuma, kama vipo, ni vya kubana. Mtoto asipakatwe mbele. Abiria wote wafunge mikanda, nyuma kama mbele. Kama jamaa ina watoto wanne, gari la spoti haliwezi kuwa gari la nyumba, na hakuna ufundi utakaolibadilisha.

CHAMA KIUNDWEJE

Hakuna haja ya kungoja magari mia. Watu saba au kumi wa Arua na Koboko wenye magari ya aina moja au yanayokaribiana wanatosha kuanza. Wachague mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Waandike katiba fupi. Wamwone afisa wa maendeleo ya jamii kuhusu kuandikishwa. Na wafungue akaunti ambayo fedha zake hazitoki bila sahihi za watu watatu. Vyama vingi huvunjika kwa sababu ya fedha zilizokaa mfukoni mwa mtu mmoja.

Faida zake ni nyingi. Oili na vichujio vikinunuliwa kwa pamoja bei hupungua. Jeki kubwa, pampu ya upepo na kifaa cha kusoma makosa ya injini, ambavyo mtu mmoja hawezi kuvinunua vyote, huwa mali ya wote. Orodha ya namba za simu humwokoa mwanachama aliyeharibikiwa saa mbili usiku kati ya Karuma na Pakwach, mahali ambapo njia inapakana na mbuga ya Murchison Falls na tembo huweza kuvuka bila taarifa. Fundi kijana aweza kupelekwa kusoma kwa gharama ya chama, akarudi kuwahudumia wote. Na siku ya msiba, wanachama watakuwa wa kwanza kufika na magari yao.

Pawepo na sheria zisizo na mjadala. Hakuna kushindana katika barabara ya umma. Hakuna kuendesha baada ya kunywa pombe. Hakuna bomba la moshi lililotobolewa makusudi ili liwaamshe wagonjwa hospitalini. Kila mwanachama ajifunze huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumlaza majeruhi vyema, kuita msaada. Katika chama chenye askari na raia, cheo kiachwe langoni. Koplo ajuaye injini amfundishe meja asiyeijua, kwa heshima, "Afande, hapa pamelegea," na meja amsikilize.

SHERIA NA MIPAKA

Kwa miaka mingi sheria za Uganda zimeweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa mjini na kilomita 100 kwa saa katika barabara kuu ya lami kwa magari madogo. Gari lenye uwezo wa kwenda 220 halina ruhusa ya ziada. Polisi mwenye gari la namna hiyo anatazamwa mara mbili, kwa kuwa ndiye anayewasimamisha wengine.

Mwenye kukaa Koboko ana tahadhari ya peke yake. Yuko karibu na mahali zinapokutana nchi tatu: Uganda, Kongo na Sudan Kusini. Uganda huendesha kushoto. Kongo na Sudan Kusini huendesha kulia. Dereva avukaye mpaka Oraba au Vurra hubadilisha upande katika mita chache, na usukani wake, ulio mkono wa kulia, humzuia kuona vyema anapotaka kulipita lori. Katika gari fupi shida hiyo huzidi. Heri kukaa nyuma ya lori kwa dakika kumi kuliko kulipita kwa kubahatisha. Bima ya lazima ya Uganda haitoshi ng'ambo; kwa safari ya Kongo iko Kadi ya Manjano ya COMESA, inayokatwa kabla ya safari, na anayekwenda Sudan Kusini aulize mapema masharti ya huko.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika motokaa ufa ni tone la oili sakafuni, ni mlio mdogo wa breki, ni taa nyekundu inayowaka kisha ikazimika. Mwenye gari la spoti ana haki ya kulifurahia, na jamaa yake ina haki ya kumwona akirudi salama, karo ikiwa imelipwa na chakula kikiwa mezani. Chama kizuri hulinda haki zote mbili. Wanaofikiria kununua wakutane kwanza na wale walionunua zamani, wawaulize gari limewagharimu nini tangu siku waliyolipokea, ndipo waamue.